Tifasi ya viroboto: jinsi panya wa Gitega na Muyinga wanavyoweza kufichua chanzo cha homa

Mgonjwa mwenye homa kali anapofika katika kituo cha afya mjini Gitega au Muyinga, jambo la kwanza kuchunguzwa ni malaria. Hilo halishangazi katika nchi ambayo Machi 2017 ililazimika kutangaza rasmi mlipuko wa ugonjwa huo. Lakini kipimo kikionesha kwamba hakuna malaria, swali hubaki palepale: homa hii imetoka wapi?

Miongoni mwa majibu yanayowezekana yapo magonjwa mawili ambayo Burundi ina sababu ya kuyafahamu kuliko nchi nyingi duniani: tifasi inayoenezwa na chawa wa mwilini, na tifasi inayoenezwa na viroboto wa panya. Dalili zake zinakaribiana na vipimo vya kawaida vya damu haviyatenganishi vizuri. Hata hivyo, namna ya kuyazuia ni tofauti kabisa. La kwanza hupigwa vita kwenye nguo, la pili kwenye ghala na darini.

Ndiyo maana uchunguzi wa tifasi ya viroboto hauishii kwa mgonjwa. Humfuata panya, na baada ya panya humfuata mdudu aliyejificha katika manyoya yake.

Tifasi ni nini?

Kufanana kwa majina kumewafanya wengi waichanganye tifasi na homa ya matumbo, ile inayojulikana pia kama taifodi. Homa ya matumbo husababishwa na bakteria wa jamii ya Salmonella wanaoingia mwilini kwa chakula na maji yaliyochafuliwa. Tifasi husababishwa na bakteria wadogo sana wanaoitwa riketsia, ambao huzaliana ndani ya seli hai tu na huhitaji mdudu wa kuwatoa kiumbe kimoja hadi kingine.

Tifasi ya chawa huletwa na Rickettsia prowazekii. Tifasi ya viroboto huletwa na ndugu yake wa karibu, Rickettsia typhi. Mwenyeji mkuu wa huyu wa pili ni panya wa majumbani: panya mweusi, anayependa kuishi darini, na panya wa kahawia wa mitaroni na bandarini. Msafirishaji wake mkuu ni kiroboto wa panya aitwaye Xenopsylla cheopis, yuleyule anayebeba pia tauni.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mizigo hiyo miwili. Bakteria wa tauni humziba kiroboto utumbo hadi akafa kwa njaa, na humuua panya pia. Riketsia wa tifasi hawamdhuru kiroboto, na panya mwenyewe haugui kwa namna inayoonekana. Hakuna mizoga inayoonekana sokoni kuwatahadharisha watu. Maambukizi huzunguka kimya kati ya panya na viroboto, na binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya.

Kiroboto akishanyonya damu ya panya mwenye maambukizi, bakteria huzaliana katika seli za utumbo wake na baada ya takriban siku 10 huanza kutoka pamoja na kinyesi. Kiroboto hubaki na maambukizi hayo maisha yake yote. Binadamu huambukizwa hasa pale anapojikuna mahali alipoumwa na kukisukuma kinyesi hicho ndani ya ngozi iliyochubuka. Kinyesi kikavu kinaweza pia kuingia machoni au kuvutwa kwa pumzi pamoja na vumbi. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu.

Dalili hujitokeza kati ya siku 7 na 14 baada ya kuambukizwa: homa, maumivu makali ya kichwa, baridi, viungo kuuma na wakati mwingine kichefuchefu. Takriban nusu ya wagonjwa hutokwa na vipele vidogo vinavyoanzia kifuani na tumboni, ambavyo ni vigumu kuviona kwenye ngozi nyeusi. Wengi hupona, lakini ugonjwa unaweza kuathiri mapafu, figo na ubongo, hasa kwa wazee na waliochelewa kupata matibabu.

Sutama: jina lililoachwa na vita

Nchini Burundi, neno tifasi haliwezi kutajwa bila kuikumbuka sutama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, viliwafukuza mamia ya maelfu ya watu kutoka vilimani kwao. Wengi walikusanyika kambini, katika nyanda za juu zenye baridi, wakiwa na nguo zilezile usiku na mchana, bila maji ya kutosha ya kufulia. Hayo ndiyo mazingira ambayo chawa wa mwilini huyapenda, kwani huishi na kutaga mayai katika mishono ya nguo.

Kuanzia 1995, homa kali iliripotiwa katika gereza la Ngozi, kaskazini mwa nchi. Kisha ikasambaa makambini. Wananchi waliiita sutama, neno la Kirundi lililo ndugu na "kuchutama" kwa Kiswahili, kwa kuwa mgonjwa alionekana amejikunyata, hana nguvu ya kusimama.

Sampuli za damu na chawa zilipelekwa Marseille, Ufaransa, kwenye maabara inayobobea katika riketsia. Matokeo, yaliyochapishwa 1997 na 1998, yalithibitisha kwamba ilikuwa tifasi ya chawa, na pamoja nayo ilikuwepo homa ya mahandaki, ugonjwa mwingine wa chawa uliovuma wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya watu waliugua. Ulikuwa mlipuko mkubwa wa tifasi kuliko wowote uliokuwa umeonekana duniani tangu Vita vya Pili vya Dunia. Dozi moja ya miligramu 200 ya doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, ndiyo iliyookoa maisha ya wengi.

Mlipuko huo ulizimwa, lakini uliacha mambo mawili yanayogusa uchunguzi wa leo. Kwanza, Rickettsia prowazekii huweza kujificha katika mwili wa mtu aliyepona na kurudi miaka mingi baadaye, kinga inapodhoofika, kwa ugonjwa mwepesi zaidi unaoitwa Brill-Zinsser. Pili, damu ya waliopona hubaki na kingamwili, yaani alama za vita ambavyo mwili ulipigana, kwa muda mrefu sana.

Kwa nini damu ya binadamu haitoshi

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kingamwili dhidi ya tifasi ya chawa na zile dhidi ya tifasi ya viroboto zinafanana mno. Kipimo cha zamani cha Weil-Felix, kilichobuniwa 1916, hutoa jibu lilelile kwa magonjwa yote mawili. Hata kipimo cha kisasa zaidi, ambapo kingamwili hung'arishwa kwa rangi maalumu na kuangaliwa kwa hadubini, kwa kawaida humwambia daktari kwamba mgonjwa amekutana na "kundi la tifasi", bila kutaja ni ndugu yupi kati ya hao wawili. Kuwatenganisha kwa kutumia damu kunahitaji kazi ya ziada ambayo hufanyika katika maabara chache tu.

Sasa mfikirie mkazi wa Gitega mwenye umri wa miaka 45 aliyepitia kambini mwaka 1997. Damu yake ikionesha kingamwili za kundi la tifasi, maelezo yanaweza kuwa matatu: aliugua sutama zamani na akapona; sutama ya zamani imemrudia; au kiroboto wa panya alimuuma mwezi uliopita katika ghala la mahindi. Kila jibu lina hatua yake. Sutama ikirudi kwa mtu mwenye chawa, wanaoishi naye wamo hatarini na nguo za kaya nzima lazima zishughulikiwe upesi. Ikiwa ni kiroboto, kufua nguo hakutazuia mgonjwa wa pili.

Njia moja ya kukwepa mtego huo ni kupima watoto na vijana waliozaliwa baada ya mlipuko kwisha. Njia nyingine, iliyo bora zaidi kwa kutafuta chanzo, ni kumpima kiumbe asiyeweza kuwa na kumbukumbu ya vita.

Panya, shahidi asiye na kumbukumbu ndefu

Panya wa majumbani huishi kwa takriban mwaka mmoja tu, na wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo kingamwili zinazopatikana katika damu ya panya aliyenaswa sokoni leo haziwezi kutoka enzi za sutama. Zinaeleza yaliyotokea katika miezi ya karibuni, na katika eneo dogo, kwa sababu panya wa mjini kwa kawaida haendi mbali na anapokula na kulala.

Tena, panya si mwenyeji wa Rickettsia prowazekii. Hifadhi kuu ya bakteria huyo ni binadamu mwenyewe. Mji ambao panya wake wana alama za kundi la tifasi unaelekeza kidole kwa viroboto, si kwa chawa.

Wazo la kumfuata panya lina karibu karne moja. Mwaka 1926, mtaalamu wa Marekani Kenneth Maxcy aligundua kwamba wagonjwa wa tifasi katika miji ya Montgomery na Savannah hawakuwa na chawa, na wengi wao walifanya kazi mahali palipohifadhiwa au kuuzwa chakula. Akahisi kwamba panya walihusika. Mwaka 1931, watafiti walithibitisha hisia hiyo walipompata bakteria katika viroboto wa panya mjini Baltimore, huku wenzao nchini Mexico wakimpata katika panya wenyewe.

Somo la Maxcy linaingia moja kwa moja Gitega na Muyinga. Gitega, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ulifanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi kufuatia uamuzi uliotangazwa Desemba 2018. Mji unapokua, huongezeka pia maghala, mikahawa, majaa ya taka na nyumba zilizobanana. Muyinga, kaskazini mashariki, ipo kwenye njia ya malori yanayovuka mpaka wa Tanzania kupitia Kobero. Magunia ya nafaka yakisafiri, panya husafiri nayo, na viroboto husafiri na panya. Yeyote anayetaka kupima miji hiyo miwili ataanzia penye chakula: maghala ya mahindi na maharage, pembezoni mwa soko, maegesho ya malori, kisha nyumba zinazopakana navyo.

Hatua ya kwanza: mtego

Mitego inayotumika ni ile inayomnasa panya akiwa hai, ama kizimba cha waya au sanduku la bati jepesi linalojifunga. Mtego wa kumbana hadi kufa haufai sana, kwa sababu viroboto huuacha mzoga mara tu unapoanza kupoa. Panya aliyekufa usiku huweza kukutwa asubuhi hana hata kiroboto mmoja, na ushahidi ukawa umekwenda zake.

Chambo huwa kile ambacho panya wa mahali hapo amekizoea: dagaa waliokaushwa kutoka Ziwa Tanganyika, mahindi ya kuchoma au karanga zilizosagwa. Mitego huwekwa jioni kando ya kuta, kwenye njia zenye kinyesi na alama za mafuta ya manyoya, na hukaguliwa alfajiri. Kila mtego huandikiwa namba, tarehe, aina ya jengo na mahali ulipotegwa.

Idadi ya mitego ni sehemu ya jibu. Kwa mfano, mitego 50 ikitegwa kwa usiku 3, hiyo ni mitego-usiku 150. Wakinaswa panya 15, mafanikio ni asilimia 10. Bila hesabu hiyo haiwezekani kulinganisha Gitega na Muyinga, wala msimu wa mvua na kiangazi.

Ridhaa ya wenye nyumba ni ya lazima, na maelezo lazima yatolewe kwa lugha wanayoielewa. Panya kwa Kirundi ni imbeba na kiroboto ni imbaragasa, na maneno hayo mawili humfikishia mwenye nyumba ujumbe kuliko istilahi yoyote ya kitaalamu.

Hatua ya pili: kumchana panya

Panya akiwa bado kizimbani, huingizwa katika mfuko wa kitambaa na kupewa dawa ya usingizi. Mfuko una kazi mbili: humzuia asing'ate, na huwazuia viroboto wasitoroke. Mtaalamu aliyevaa glavu na nguo za mikono mirefu humlaza panya juu ya beseni jeupe na kumchana manyoya kwa kitana au mswaki, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Viroboto walioanguka huonekana kama vidoa vyeusi kwenye weupe wa beseni. Mfuko wenyewe pia hukaguliwa.

Idadi ya viroboto kwa kila panya huitwa kigezo cha viroboto. Ikiwa panya 15 wana viroboto 45, kigezo ni 3. Wataalamu wa tauni kwa miaka mingi wamekichukulia kigezo cha Xenopsylla cheopis kinachozidi 1 kuwa ishara ya hatari, na takwimu hiyo ni muhimu kwa tifasi pia, kwa kuwa mdudu ni mmoja.

Viroboto huhifadhiwa katika vichupa vyenye ethanoli ya asilimia 70 au zaidi, na kila panya huwa na kichupa chake. Njia hii inafaa hasa kwa nchi ambako umeme hukatika: ethanoli huhifadhi vinasaba bila jokofu, na kichupa kinaweza kusafiri kwa gari kutoka Muyinga hadi Bujumbura bila kuharibika. Damu ya panya ni jambo jingine. Hukusanywa kiasi kidogo, hutenganishwa majimaji yake na kuwekwa kwenye baridi, au hudondoshwa kwenye karatasi maalumu na kuachwa ikauke. Vipande vya wengu na ini huchukuliwa pia kwa ajili ya kipimo cha vinasaba.

Hatua ya tatu: kiroboto ni wa aina gani?

Kabla ya kutafuta bakteria, ni lazima kumjua mdudu. Si kila kiroboto ni wa panya. Funza, anayewatesa watoto wengi vijijini Burundi kwa kuingia vidoleni, naye ni jamii ya viroboto, lakini si msafirishaji wa tifasi hii. Kiroboto wa paka na mbwa ana safu mbili za miiba iliyopangika kama meno ya kitana, moja chini ya kichwa na nyingine mgongoni. Xenopsylla hana hata moja. Kiroboto wa binadamu naye hana vitana hivyo, ila Xenopsylla hutambulika kwa mstari wima ubavuni ambao mwenzake hana.

Tofauti hizo huonekana kwa hadubini ya kawaida, na mfanyakazi wa maabara ya wilaya anaweza kufundishwa kuzitambua. Kazi hiyo peke yake, hata kabla ya vipimo vya gharama, huonesha kama mji una msafirishaji wa tifasi au hauna.

Hatua ya nne: maabara

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni PCR, jina ambalo wengi walilizoea wakati wa janga la Uviko-19. Kiroboto husagwa, vinasaba vyake hutolewa, kisha mashine hukirudufu kipande maalumu cha vinasaba vya riketsia mamilioni ya mara hadi kiweze kuonekana. Vipande vinavyotafutwa mara nyingi ni vya jeni zinazoitwa gltA na ompB. Rickettsia typhi na Rickettsia prowazekii wote wanazo, lakini mpangilio wa herufi zake unatofautiana, hivyo kuusoma mpangilio huo ndiko kunakotoa hukumu ya mwisho.

Usomaji huo una faida nyingine. Viroboto hubeba pia Rickettsia felis, aliyetambuliwa mara ya kwanza 1990 katika viroboto wa paka nchini Marekani. Kipimo kinachosema "riketsia wamo" bila kusema ni wepesi huweza kumpa lawama asiyehusika.

Ili kupunguza gharama, viroboto hupimwa kwa makundi. Tuseme viroboto 200 wamegawanywa katika makundi 40 ya watano watano, na makundi 4 yakawa na maambukizi. Hapo tunajua kwamba angalau viroboto 4 kati ya 200, yaani asilimia 2, wana bakteria. Kila duru ya vipimo huhitaji pia sampuli inayojulikana kuwa na bakteria na nyingine isiyo nao. Ile isiyo nao ikionesha maambukizi, maabara imechafuka na majibu yote hutupwa.

Kuotesha bakteria walio hai ni kazi ya maabara chache zenye ulinzi wa hali ya juu. Kwa uchunguzi wa kawaida haihitajiki, na ethanoli huwa imekwisha kumuua bakteria, jambo linalomlinda mfanyakazi.

Kuyasoma majibu

Panya na kiroboto hawatoi ushahidi wa aina moja. Riketsia huzunguka katika damu ya panya kwa wiki moja hadi mbili tu, kisha mwili wake hujenga kingamwili. Kwa hiyo PCR ya damu ya panya ikikosa kitu haimaanishi kwamba yuko salama; huenda maambukizi yalipita. Kingamwili zake huonesha kwamba yalikuwepo. Kiroboto, ambaye hubaki na bakteria maisha yake yote, huonesha kama bado yapo.

Majibu hayo yakiwekwa pamoja huleta picha nne. Panya wenye kingamwili na viroboto wenye bakteria: maambukizi yanaendelea sasa. Panya wenye kingamwili, viroboto safi: yalikuwepo karibuni, na kazi irudiwe msimu mwingine. Panya wasio na kingamwili, viroboto wenye bakteria: huenda yameingia hivi karibuni, pengine na mzigo kutoka kwingine. Pande zote mbili safi, kwa sampuli za kutosha: homa za mji huo zitafutiwe chanzo kingine, na chawa wawe wa kwanza kukaguliwa.

Majirani wamepata nini?

Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha kwamba riketsia si habari za kale. Katika mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa 2013 ulipima watu 1,227 katika maeneo 9 na kukuta asilimia 9.3 wana kingamwili za kundi la tifasi. Kuishi karibu na barabara kuu kulikuwa miongoni mwa vihatarishi, jambo ambalo mji wa mpakani kama Muyinga hauwezi kulipuuza.

Mjini Moshi, kaskazini mwa Tanzania, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Ni asilimia 1.6 tu ambao malaria ndiyo iliyokuwa chanzo. Tifasi ilikuwa nadra, wagonjwa 2 kati ya 450 waliopimwa, lakini riketsia wa kundi jingine, wanaoenezwa hasa na kupe, walikutwa kwa asilimia 8. Nchini Kenya, utafiti wa 2010 katika eneo la Garissa ulimkuta Rickettsia felis kwa wagonjwa 6 kati ya 163. Na nchini Rwanda, jirani wa kaskazini wa Muyinga, tifasi ya chawa na homa ya mahandaki zilizuka pamoja mwaka 2012 katika kituo cha kuwarekebisha vijana.

Mifano hiyo inaonesha kwamba chawa na viroboto wote bado wanafanya kazi katika ukanda huu, na kwamba jibu la mji mmoja haliwezi kukopeshwa mji mwingine.

Viroboto kwanza, panya baadaye

Uchunguzi una maana ukifuatwa na hatua, na katika tifasi ya viroboto mpangilio wa hatua ni jambo la uhai. Kosa la kawaida ni kukimbilia sumu ya panya. Panya wakifa kwa wingi, viroboto wao hukosa damu, na kiumbe mwenye damu ya moto aliye karibu ni binadamu aliyelala chumba cha pili. Sumu iliyowekwa kwa nia njema inaweza kuongeza wagonjwa.

Utaratibu sahihi ni kunyunyiza kwanza dawa ya kuua viroboto kwenye mashimo na njia za panya, kuwapa muda wafe, na ndipo kuanza kuwapunguza panya. Baada ya hapo huja kazi ya kudumu: kuhifadhi nafaka katika vyombo vyenye mfuniko au juu ya vichanja vyenye kinga za bati miguuni, kuziba matundu ya kuta na paa, kuondoa taka na mabaki ya chakula kabla ya usiku, na kutolaza watoto katika chumba chenye magunia. Sakafu ya ghala yenye vumbi inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, ili kinyesi kikavu cha viroboto kisiruke hewani.

Kwa mwenye homa, dawa inayotumika ni ileile iliyowaponya wagonjwa wa sutama, doksisaiklini, ingawa kwa kawaida hutolewa kwa siku kadhaa na kwa maelekezo ya mganga. Dawa za jamii ya penisilini haziwatibu riketsia. Kwa hiyo mgonjwa ambaye kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, ambaye anaishi au kufanya kazi penye panya wengi na ambaye homa haishuki, afanye jambo moja rahisi: amweleze mganga kuhusu panya hao, na aseme pia kama ana chawa au aliwahi kuugua sutama. Mganga akiyajua hayo, atajua pa kuanzia hata kabla majibu ya maabara hayajafika.